Kugawa Mirathi Ukiwa Hai

Saa nane usiku, Desemba, joto la Dar lile linalokuganda mwilini kama nguo mbichi. Nimekaa sakafuni sebuleni kwetu Tabata, mkononi nina kifuniko cha birika. Birika lenyewe halipo, lilitoboka mwaka ambao siukumbuki. Nimekishika kifuniko hicho dakika kumi nzima najiuliza kiende fungu gani: la Dodoma, la kuuza, la kugawa au la kutupa. Halafu nikaanza kulia.

Mwalimu wa hesabu, mama wa watoto wawili, miaka arobaini na mitatu, nalizwa na kifuniko.

Nieleze tulifikaje hapo. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali sasa inahamia Dodoma kweli kweli, baada ya uamuzi wa mwaka 1973 kulala kwenye makabrasha zaidi ya miaka arobaini. Mume wangu, Baba Rehema, ni mtumishi. Ofisi yao ilihama mwaka uliofuata naye akaondoka na mabegi mawili. Mimi nikabaki Tabata na watoto, shule, na nyumba yenye vyumba vitatu, sebule, stoo na baraza iliyogeuka stoo ya pili. Familia nyingi tunazozifahamu ziliishi hivyo: nyumba mbili, kodi mbili, baba anakuja mwisho wa mwezi na zabibu kwenye mfuko. Tulikwenda hivyo miaka saba. Treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024, safari ya basi iliyokuwa ikimaliza siku ikawa ya chini ya saa nne, na sisi tukaishiwa visingizio. Nikaomba uhamisho wa kumfuata mwenza. Kibali kikatoka Novemba. Mwenye nyumba alitaka funguo zake tarehe 31 Desemba.

Wasiojua mambo ya utumishi waelewe jambo moja: uhamisho ukiuomba mwenyewe, unajigharamia mwenyewe. Hakuna lori la serikali. Kulikuwa na jamaa analeta vitunguu Dar kutoka Singida, gari lake linarudi tupu, akakubali kutuuzia nafasi kwenye bodi ya Fuso. Nusu bodi. Kule Nzuguni, Dodoma, Baba Rehema alikuwa amepanga vyumba viwili na sebule. Kwa hiyo miaka kumi na minne ya vitu ilibidi iingie kwenye nusu bodi, kisha kwenye vyumba viwili, na iliyobaki ilipe nauli.

Baba Rehema kwenye simu alikuwa mwepesi ajabu. "Si unauza tu, Mama Rehema? Vitu vinanunuliwa." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Wiki ya pili nilikwenda kituo cha afya kwa ajili ya kikohozi cha mdogo, nesi akaniangalia mimi badala ya mtoto. Akanifunga kile kitambaa cha presha. 152 kwa 96. "Dada, unalala?" Nikamwambia nalala saa tano. "Sijauliza unalala saa ngapi." Nikamweleza kwamba nashtuka saa nane, moyo unakwenda kama nimekimbizwa, na siwezi kurudi usingizini. Kwamba juzi nimemgombeza mwanangu kwa kuvunja kikombe ambacho nilikuwa tayari nimekiweka fungu la kutupa. Akaniambia nirudi baada ya wiki nipimwe tena, nipunguze chumvi, na nitafute saa moja ya siku ambayo sigusi mzigo wowote. La chumvi nililisikia. La saa moja nililidharau siku nne.

Nikiwa na mawazo mimi huhesabu. Mwaka 1967 madaktari wawili wa magonjwa ya akili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha, kila moja na alama zake kadiri linavyomlazimisha mtu kujipanga upya. Kifo cha mwenza kina alama 100. Kuhama makazi kuna 20 tu, na nilipoliona hilo nilikasirika. Kisha nikajumlisha kama ninavyowafundisha wanafunzi, mstari kwa mstari: makazi 20, shule ya watoto 20, mazingira ya kazi 20, hali ya maisha 25, hali ya fedha 38, usingizi 16, ulaji 15. Nikapata 154. Nikampigia Baba Rehema nikamwambia kwamba kuhama kumenizidi alama kuliko ambavyo angekufa yeye. Hakucheka. Lakini Jumamosi hiyo alipanda treni akaja, kwa hiyo hesabu ile ilifanya kazi yake.

Kilichonivuruga zaidi, nikitazama nyuma, ni kwamba nilifungua kila mlango kwa pamoja. Chumba chetu nusu, jikoni nusu, stoo nusu. Popote nilipogeuza jicho kulikuwa na kazi iliyoanzwa. Kuna utafiti uliofanywa Los Angeles na Darby Saxbe na Rena Repetti, ukachapishwa 2010, waliofuatilia wanandoa wenye kazi wanaolea watoto. Wanawake walioelezea nyumba zao kuwa zimejaa vitu na kazi ambazo hazijakwisha, kotisoli yao, ile homoni ya msongo, haikushuka vizuri kutoka asubuhi kwenda jioni kama inavyotakiwa. Sikuhitaji kupimwa kotisoli, nilikuwa na saa nane zangu za usiku. Nilichofanya ni kurudisha kila kitu kwenye chumba cha watoto, nikakipanga kama kawaida, kitanda na mashuka na picha ukutani, nikatangaza kwamba chumba hiki hakiguswi mpaka siku mbili kabla ya gari. Jioni nilikuwa naingia humo, nafunga mlango, nalala sakafuni kwenye mkeka kati ya vitanda vya wanangu. Hiyo ndiyo ikawa saa moja ya nesi.

Sasa kuuza. Niliweka picha za makochi kwenye stetasi ya WhatsApp. Tuliyanunua Keko kwa 1,200,000, mbao ngumu, na nilijiambia kwa sababu yamechakaa nitapokea 700,000. Simu ya kwanza: "Ipo?" Ipo. "Mwisho ngapi?" Sijataja hata mwanzo. Mwingine akauliza kama naweza kumpelekea Mbagala kisha alipe akiyapenda. Aliyekuja kwa miguu yake alikaa, akajirusharusha kidogo, akasema 250,000, akaniangalia kama aliyenitendea wema. Nilimfukuza. Baadaye nikakumbuka jaribio la vikombe la Kahneman, Knetsch na Thaler, la mwaka 1990: wanafunzi waliopewa kikombe walitaka kukiuza kwa kama mara mbili ya bei ambayo wasiopewa walikuwa tayari kutoa. Kikombe chenyewe walikuwa wamekimiliki kwa dakika chache tu! Mimi yale makochi Rehema amejifunza kusimama kwa kuyashikilia. Niliona kwamba nilikuwa najaribu kumuuzia yule kijana miaka kumi na minne, na yeye alikuja kununua mbao na sponji. Nikampigia arudi. Akasema sasa ni 220,000. Nikachukua.

Kilichotuokoa kwenye ugomvi wa nini kiende ni chaki. Baba Rehema alipima sebule ya Nzuguni, futi 10 kwa 12, pamoja na mahali mlango unapofungukia na dirisha lilipo. Nikachukua chaki za shule na kamba, nikaichora sebule ile sakafuni kwetu, kwenye saruji nyekundu. Tukasimama wote wanne tunaitazama. Ilikuwa ndogo kiasi kwamba Rehema alidhani nimekosea futi, akapima upya kwa rula yake. Kisha tukaanza kuingiza vitu ndani ya mstari. Meza ya chakula iliingia ikabakiza mahali pa mtu mmoja kusimama, akiwa mwembamba. Shokesi ikiingia mlango haufunguki. Kila mtu aliyekuwa na hoja aliambiwa aisukume hoja yake ndani ya mstari. Kwa wiki mbili mimi na mume wangu tulikuwa tumebishana kuhusu shokesi kwa simu, mimi nikimwambia hana uchungu na vitu vya nyumba, yeye akiniambia nimegeuka makumbusho. Chaki ilimaliza kwa dakika tano, na hakuna aliyeshinda.

Mdogo nilimpa boksi moja la biskuti, nikamwambia humo anaweka anachotaka na mimi siangalii. Niliangalia, bila shaka. Vifuniko vya soda, ringi ya baiskeli ya mtoto iliyopinda, mawe, na shati langu bovu la kudekia. Lilikwenda Dodoma lilivyo.

Vitabu na video za kupunguza vitu vinazungumzia kutupa. Shika kitu, kiulize, kishukuru, tia kwenye mfuko mweusi, lori la taka linapita. Nadhani vimeandikwa kwa watu wa nchi ambako kitu kikitoka mlangoni hakina tena pa kwenda. Kwetu hakitupwi kitu. Godoro lililobonyea lina mtu, sufuria iliyotoboka ina fundi, hata kile kifuniko cha birika kilipata birika nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kikaenea. Kwa hiyo msongo wa kupunguza vitu hapa hautoki kwenye kutengana navyo peke yake. Unatoka kwenye swali la nani apewe. Na nani akisikia kwamba fulani kapewa atanuna. Mama mdogo, aliyekuja kunisaidia kufunga vyombo, alisimama katikati ya sebule akasema, "Mwanangu, huku ni kugawa mirathi, tofauti yake marehemu anakusikia unavyomsema."

Na mirathi huwa na kesi. Friza, kwa mfano. Mimi nilimwahidi Mama Zuwena, jirani, ambaye anauza barafu za ukwaju na ubuyu kwa watoto wa shule, na alishaanza kulipa kidogo kidogo. Baba Rehema, akiwa Dodoma, alimwahidi mtoto wa dada yake. Sote wawili kwa nia njema, kwa simu, bila kuambiana. Kijana akaja na kirikuu Jumapili asubuhi, akamkuta Mama Zuwena naye amekuja kulisafisha. Nilitamani sakafu inimeze, na mstari wa chaki ukiwa juu yangu.

Siku hiyo nilifungua daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, waliosema hivyo walikuwa wanazungumzia duka, lakini daftari lile lilinishusha mapigo ya moyo kuliko dawa. Safu ya kwanza kitu, ya pili nani, ya tatu lini anachukua. Sheria ilikuwa kwamba kisichoandikwa hakijaahidiwa, awe amekiahidi nani. Friza: Mama Zuwena, kwa sababu alikwishatoa fedha. Kitanda cha futi tano na jiko la gesi: kijana. Meza ya chakula: mwalimu mkuu wangu, alitoa 90,000. Shokesi na vyombo vyake vyote: mwalimu mwenzangu kijana aliyeolewa Oktoba na alikuwa bado anakula kwenye sahani za plastiki. Cherehani nilimwandika dada aliyetufanyia kazi za nyumbani miaka sita na sasa alikuwa anarudi kwao. Wifi yangu alikuwa amelitaja cherehani lile mara tatu, kwa mzunguko, kama tunavyotaja. Sikubadilisha. Mpaka leo simu zangu anapokea moja kwa tano. Kuna mambo hayaingii ndani ya mstari.

Kulikuwa na kitu kimoja sikujua nikiandike wapi, na hicho ndicho kilichokuwa kinaniamsha. Kinu cha bibi.

Bibi alikuwa mtu wa Rufiji, bondeni kabisa. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu wa bonde kwenda vijiji vipya vya juu, ndiyo ile Operesheni Rufiji. Mama alikuwa binti mdogo. Alikuwa akisimulia kwamba watu walibeba nafaka, kuku, mikeka, na bibi alibeba kinu, akaambiwa aache, kinu kitachongwa kingine, naye akasema anayejua kitakakochongwa achonge kwanza ndipo ashushe hiki. Kilitoka kwake kikaja kwa mama, kwa mama kikaja kwangu. Kizito hasa. Kina ufa upande mmoja uliozibwa kwa lami, na mdomo wake umelainika upande wa kulia kuliko wa kushoto, kwa sababu wote watatu tunatwangia mkono wa kulia. Mara ya mwisho kukitumia nilikuwa na mimba ya mdogo. Kisamvu nanunua kilichosagwa, kama kila mtu.

Nilikiingiza ndani ya mstari wa chaki mara nne. Kinaingia, tatizo halikuwa hilo. Tatizo ni kwamba mwenye Fuso hutoza nafasi, na nafasi ya kinu ilikuwa sawa na ya boksi la vitabu vya Rehema vya kidato cha pili. Nilijaribu kukipiga picha, maana wanashauri hivyo, picha ibaki na kitu kiondoke. Ilikuwa picha ya gogo lenye shimo.

Mama mdogo ndiye aliyesema, huku anafunga glasi kwa magazeti, bila kuinua kichwa: "Kwani nani kakuambia ni chako? Kilikuja kwako kutwanga. Hutwangi. Kirudishe kwenye kutwanga." Ana binti yake Ikwiriri, anapika mgahawani, anatwanga kila siku ya Mungu.

Jumatano tukakipakia kwenye bajaji mpaka Mbagala Rangi Tatu, kwenye mabasi ya kusini. Kijana wa buti alikinyanyua, akakishusha, akasema huu ni mzigo wa watu wawili. Nikalipia. Alipokilaza ubavu kati ya ndoo za mafuta na godoro la mtu, kinu kikatoa ule mlio wake wa ndani, duu, kama mtu aliyeguna. Nililia pale stendi mbele ya wauza maji. Kondakta akauliza, "Mama, umo humo ndani?" Nikacheka na kulia pamoja. Usiku ule nililala mpaka saa kumi na moja na nusu. Jioni iliyofuata nikatumiwa sauti ya WhatsApp, sekunde kumi na mbili, hakuna anayesema kitu. Kutwanga tu.

Siku ya gari yenyewe haina mengi. Vibarua watatu, wakasema bei nyingine walipoona ngazi. Mvua ilinyesha saa nzima tukafunika kwa turubai. Mdogo alitaka kukaa mbele kwenye Fuso na alikataliwa. Presha nilipima asubuhi ile kwa ukaidi: 136 kwa 86. Nilipodeki kwa mara ya mwisho, mstari wa chaki ulikataa kutoka wote kwenye kona ya mlango. Nikauacha.

Nzuguni vumbi ni jekundu na upepo hauombi ruhusa. Sebule ile halisi ilinishangaza kwa kuwa kubwa kidogo kuliko niliyoichora, sijui kwa nini, futi ni zilezile, Rehema alipima. Wiki ya kwanza nilikuwa bado nashtuka usiku kutafuta vitu. Nilitafuta pasi niliyokwisha kumgawia mtu. Nilisimama jikoni nikinyoosha mkono kuchukua mbuzi ya kukunia nazi, na mkono ukabaki hewani mahali ambapo Tabata kulikuwa na msumari. Mbuzi lilikuja, lilikuwa chini ya kitanda. Nazi nilizipata soko la Majengo, kwa bei ambayo mtu wa pwani hawezi kuitamka kwa sauti.

Katikati ya Januari mwalimu mwenzangu akanipigia. Mambo ya shule kwanza, nani kapangiwa darasa langu, halafu akaingia kwenye lake. "Dada, ile shokesi, droo ya katikati imefungwa. Ufunguo umeuacha wapi?"

Ile droo. Ndiyo niliyoimaliza ya mwisho, usiku wa manane, nikiwa nimechoka kiasi cha kutojali: risiti za LUKU zilizofifia mpaka zikawa karatasi nyeupe, kadi za michango ya harusi za watu walioachana, kadi za kliniki za wanangu wote wawili, ambazo nilizitoa, na kitita cha funguo nane kwenye uzi mwekundu ambazo hakuna aliyejua ni za nini. Nilizitumbukiza kwenye pochi nikisema nitaziangalia baadaye. Nikaenda kuitazama pochi. Zilikuwemo, zote nane, zimekuja Dodoma bila daftari.

Nikamuuliza ndani ya droo kuna nini. Akasema kinagongagonga kitu ukitikisa. Sikumbuki nilibakiza nini humo, na sikumbuki nilifunga. Nilizijaribu funguo zile machoni moja moja, kana kwamba ningeitambua kwa sura. Kisha nikazitia zote kwenye bahasha ya kaki, nikaandika jina lake na namba yake ya simu kwa herufi kubwa, nikatembea mpaka stendi ya Nanenane, nikampa kondakta wa basi la Dar elfu tano.

"Ndani kuna nini?" akaniuliza.

"Funguo."

"Za wapi?"

Nikamwambia moja ni ya droo, nyingine saba atajua mwenyewe huko mbele.